Hakuna Mtu Humo?

Kaka yangu alikuwa akifanya kazi ndani ya mashine. Sisemi kiwandani, nasema ndani ya mashine. Kulikuwa na kiwanda cha vyakula pale Buffalo, Marekani, na katika kiwanda hicho kulikuwa na pipa kubwa la chuma la kukandia unga, limelazwa ubavu, lenye mapanga mazito ndani yake. Zamu ikiisha, mtu alitakiwa kuingiza kichwa na mikono, mara nyingine kuingia mzima, akwangue unga uliogandia. Kaka alikuwa mwembamba, basi kazi ikawa yake.

Mapanga yale hayafikiki yote kwa mara moja. Ukishakwangua upande mmoja, lazima yazungushwe kidogo ili upande wa pili ukujie. Lilikuwepo kufuli la usalama, na mtu akiwa ndani lilipaswa kuwa limefungwa, lakini kufuli likifungwa mapanga hayazunguki, na kulifunga na kulifungua kila mara kulichelewesha kazi. Kwa hiyo walilitundika ukutani. Kaka anatoka, msimamizi aliyesimama upande wa pili kwenye vitufe anauliza kwa sauti kama kuna mtu, kaka anajibu, kitufe kinabonyezwa, mapanga yanasogea, kaka anarudi ndani. Pale msimamizi aliposimama hakuweza kumwona. Alimsikia tu.

Alinisimulia haya kwenye simu huku akitafuna kitu. Nilimwambia kazi hiyo siipendi.

"Hata mimi siipendi, dada," alisema, "lakini yenyewe inanipenda."

Mimi wakati huo nilikuwa Louisville, mtaa wa Newburg, ghorofa ya pili, na Mama. Tulitoka kambi moja ya wakimbizi kule Tanzania, sisi Warundi tuliokulia huko mpaka Kirundi kikawa cha kanisani na Kiswahili kikawa cha kila kitu kingine. Kaka alikuwa ameshapita umri wa kuhesabiwa mtoto, hivyo kesi yake ilikwenda peke yake na yetu ikaja peke yake, na huko wanakopanga walitutupa katika miji miwili ambayo kwa basi ni safari ya siku nzima. Mama hakuwahi kulisamehe jambo hilo. Kila tulipoongea na kaka alimuuliza kama amekula, kisha akamuuliza kama mikono yake ni mizima. Alikuwa na sababu yake. Kambini kaka alikuwa kinyozi, na mikono ile ndiyo iliyotulisha mgao ulipopunguzwa.

Mwaka 2015 nilikuwa nimechoka na ghala. Kazi yangu ilikuwa kupiga mizigo skana, na skana ile ililia kila nilipokosea, na mimi sipendi kupigiwa kelele na kitu kisicho na akili. Nikajiandikisha darasa la jioni la kompyuta, somo la lugha ya C, kwa sababu nilisikia kwamba wanaojua mambo hayo ndio wanaotengeneza mikanda ya mizigo na hawabebi chochote. Mwalimu wa darasa lile alisema haraka na kuandika haraka zaidi. Kila jioni nilitoka na hasira, bila kitu kingine. Ilikuwa kwenye mkutano wa kwaya ndipo nilipokutana na Mkenya mmoja, mwanamke wa rika langu, aliyekuwa akisomea uhandisi, shahada ile ya mwisho kabisa, pale Columbus. Nilipomlalamikia alicheka akajishika mbavu.

"Wewe kuja kwangu weekend," alisema. "Hizo operators nitakufunza tukila maharagwe."

Alikodi chumba karibu na chuo kikuu, katika nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba, na kibarazani palikuwa na kochi lililolowa mvua ambalo hakuna aliyejua ni la nani. Jumamosi za mpira madirisha yalitetemeka. Maelfu ya watu walipiga ukelele mmoja kutoka uwanjani, kisha kimya, na katika kimya hicho mimi niliikodolea macho alama ya asilimia.

Aliniambia nisiogope maneno, nitazame alama. Hizo alama ndizo opereta: unaipa vitu, inakurudishia kitu. Jumlisha na toa nilizijua. Kugawanya ndiko kulikonishangaza. Tuligawanya saba kwa mbili, kompyuta ikatoa tatu.

"Nusu iko wapi?" niliuliza.

"Imetupwa. Umeipea namba nzima, inakurudishia namba nzima."

"Nani kaitupa? Nusu ni chakula."

Akanionyesha ile alama ya asilimia, %, ambayo kwenye C haihusu asilimia hata kidogo. Saba % mbili, jibu ni moja. Inaokota kinachobaki baada ya kugawa. Nikasema hiyo ndiyo alama ya Mama, anayejua kilichobaki sufuriani hata akiwa amefumba macho. Tulicheka, na nikaanza kuipenda ile lugha.

Kilichonitesa ni sawasawa. Kwenye C ziko mbili. Alama moja, =, haiulizi chochote: inachukua kilicho kulia na kukiweka kushoto, ndani ya kisanduku chenye jina ulilolipa wewe. Ukitaka kuuliza kama vitu viwili vinalingana, unaandika mbili pamoja, ==. Kwetu neno ni moja. Mtu akikuambia "sawa" huenda anasema vitu vinalingana, huenda anasema amekubali, na huenda anataka tu unyamaze. Nilizichanganya kila siku.

Mwalimu wangu, maana sasa nilikuwa namwita hivyo kwa utani, akasema niandike programu ndogo ya kitu ninachokijua. Nikaandika mashine ya kaka. Ilikuwa mistari michache. Unaingiza moja kama ni salama, unaingiza sifuri kama mtu yumo, na programu inaamua kuwasha au kusubiri. Mstari wa kuamua niliuandika hivi:

if (salama = 1) washa();

Nikaingiza moja. Skrini ikaandika IMEWASHWA. Nikafurahi. Nikaingiza sifuri. IMEWASHWA. Nikajaribu tena, taratibu, nikiibonyeza sifuri kwa kidole kimoja na kuitazama ikitokea. IMEWASHWA.

"Imeharibika," nilisema.

Mwalimu aliinama nyuma ya bega langu. "Haijaharibika. Soma vizuri. Hujauliza kama ni salama, umeiambia ni salama. Umeweka moja hapo kwa nguvu, halafu ukaangalia, ukapata moja, ukawasha."

"Lakini nimeingiza sifuri."

"Imefutwa. Hukutaka kuijua."

Nikaongeza alama iliyokosekana, na sifuri ikaanza kusubiri. Lakini neno lile, IMEWASHWA, nililiona hata nikiwa kwenye basi la kurudi Louisville, mashamba ya mahindi yaliyovunwa yakipita dirishani. Sikupenda jinsi lilivyokuja bila kusita. Nilijiambia ni mchezo wa kompyuta tu, nikajifunika koti usoni.

Jumapili iliyofuata kaka alipiga simu akiwa na kichekesho. Msimamizi wao wa zamani, mzee aliyekaa na Warundi na Wakongo miaka mingi, alikuwa amestaafu. Mahali pake amekuja mwingine.

"Huyu mpya ni vituko, dada. Niko nje, nimesimama kabisa, ananiuliza kwa Kiingereza chake, hakuna mtu humo? Namjibu 'yes'. Basi anaruka kama kakanyaga kaa la moto! Anazunguka mashine yote anakuja kutazama, nani yumo, nani yumo? Hakuna mtu. Anafoka. Kesho yake tena, vilevile."

Mama alicheka, na mimi nikacheka, maana nilimwona kaka alivyosimama na kikwangulio chake mkononi, mtu mzima anafokewa kwa kusema ukweli.

"Yule mzee ulikuwa unamjibuje?" niliuliza.

"Vilevile. Nikisema 'yes' anawasha, nikisema 'no' anasubiri. Yule alituelewa."

Mama akaichukua simu kumuuliza habari za mikono. Nikarudi kwenye sahani yangu ya ugali. Kuna kitu kilikuwa kimenichoma, lakini sikujua ni kipi, nikadhani ni uchovu.

Jumamosi ya pili yake, Columbus, tulifika kwenye alama za kweli na uongo. Alama mbili za "na", &&, zinataka kulia na kushoto vyote viwe kweli; na C ni mvivu, ikikuta cha kushoto ni uongo, cha kulia haikitazami kabisa. Alama mbili za "au", ||, zinaridhika na kimoja. Kisha ikaja alama ya mshangao, !, ambayo nilidhani ni ya kupigia kelele. Mwalimu akasema ni ya kugeuza. Ukiiweka mbele ya kweli, unapata uongo. Ukiiweka mbele ya uongo, unapata kweli. Ukiziweka mbili, unarudi ulikotoka.

Nikafungua programu yangu ya mashine ili niitumie. Kisanduku kimoja nilikuwa nimekipa jina hakunaMtu. Mwalimu akaguna. Alisema jina lenye kukanusha ni mtego, kwa sababu siku utakapoweka ! mbele yake utasoma "siyo hakuna mtu", na ukiwa umechoka hutajua tena yumo au hayumo. Kiite mtuNdani, alisema. Yumo, kweli. Hayumo, uongo.

Nililisoma lile jina mara mbili.

"Hujaelewa?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Ndiyo umeelewa, ama ndiyo hujaelewa?"

"Ndiyo, sijaelewa. Umeniuliza kama sijaelewa, nimekubali."

Akapiga meza kwa kicheko. "Hiyo kitu ilinisumbua hapa mwaka mzima! Professor ananiuliza, huna majibu ya jaribio? Namwambia yes. Ananyoosha mkono nimpatie. Mimi sina kitu!" Akachukua kalamu. "Angalia. Ndiyo yetu inakubaliana na mtu aliyeuliza. Yes yao haijali ameuliza vipi, inaangalia jambo lenyewe. Lipo, yes. Halipo, no. Kwa hivyo ukiulizwa swali lenye kukanusha ndani yake, jibu lako linageuka juu chini. Ni hii alama tu."

Uwanjani watu walipiga ukelele, madirisha yakatetemeka, kukawa kimya.

Nilimnyang'anya kalamu. Niliandika: hakuna mtu humo? Chini yake nikaandika, kaka yuko nje, anasema yes. Hiyo ndiyo aliyotuchekesha nayo. Msimamizi mpya anasikia kwamba kuna mtu, anaacha kitufe, anakuja kutazama, anafoka, hakuna anayeumia. Kisha nikaandika upande wa pili, ule ambao kaka hakutusimulia kwa sababu ulikuwa haujatokea. Hakuna mtu humo? Kaka yumo. Kaka atasema nini? Atasema kama ningesema mimi, kama Mama angesema, kama kila mtu niliyekua naye kambini angesema. Hapana, nimo. No.

Na msimamizi atasikia: no, hakuna mtu.

Niliogopa. Sijui namna nyingine ya kulisema. Niliponyanyua simu ilinichukua muda kulipata jina lake.

Alipokea, na nyuma ya sauti yake nilisikia mashine ya kunyolea. Jumamosi aliwanyoa wanaume wa kanisani jikoni kwake. Nilimweleza haraka na vibaya. "Ukiwa ndani usiseme no. Umenisikia? Ukisema no atawasha."

"Nikiwa ndani haulizi. Anauliza nikishatoka."

"Na siku akidhani umetoka?"

Mashine ya kunyolea ikazimwa. "Sasa niseme nini? Mtu ananiuliza hakuna mtu, na mimi nimo, halafu nimwambie ndiyo? Hiyo si lugha, dada."

"Usiseme ndiyo wala hapana. Sema I am in. Sema I am out. Basi."

"Sawa," alisema, na mashine ikaanza kulia tena.

Ile sawa sikuipenda. Niliijua ni ya aina gani. Nilitaka ile yenye alama mbili, inayopima kwanza, na yeye alinipa ile ya kuweka tu na kuendelea na shughuli zake. Niliomba ruhusa ghalani, wakaninunia, nikapanda basi.

Buffalo ilikuwa imeshapata theluji. Jikoni kwa kaka walijaa wanaume wanaosubiri kunyolewa, Warundi na Wakongo, na mmoja wa Wakongo hao alikuwa mwenzake wa zamu, mtu mnene mpole wa kubeba ndoo za unga. Yeye ndiye aliyekuwa kitini, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa. Sikuwa na subira ya kungoja watoke. Nikajibanza nyuma ya jokofu, nikatangaza kwamba jokofu hili ni mashine, mimi ni msimamizi, na kaka yumo. Walicheka sana.

"Hakuna mtu humo?" niliuliza kwa Kiingereza, nikiibana pua.

"No!" kaka alijibu.

"Umekufa."

Wakacheka zaidi. Nikauliza tena.

"No, no, I am in!"

"Umekufa. Amesikia no ya kwanza."

Niliendelea kuuliza, mpaka kicheko kikapungua, mpaka hakuna aliyecheka. Mkongo wa kitini akageuza shingo polepole chini ya shuka.

"Donc, dada, siku yote tuko tunamujibu huyu muzungu kinyume?"

"Kinyume."

"Na ule muzee wa zamani?"

"Yule alijifunza kugeuza. Huyu hajui kama kuna cha kugeuza."

Kaka akaanza kujibu vizuri. I am in, alisema, I am in, bila kunitazama, huku akimalizia kichwa cha mwenzake, akilikunja sikio kwa vidole viwili ili asilikate. Nilivitazama vidole vile kuliko nilivyosikiliza maneno. Nikamwambia adai kufuli lirudishwe. Akasema alishadai, akajibiwa kwamba kazi inachelewa. Hasira ikanipanda, nikasema nitakwenda kiwandani mwenyewe nikaseme nao.

"Nenda," alisema. "Watanifukuza, na hapo nitakuwa salama kabisa."

Wanaume wakacheka tena, kwa nafuu, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya matairi ya theluji. Nilirudi Louisville na mguu wangu ukiwa bado unagonga sakafu ya basi. Majira yale ya baridi sikusoma vizuri. Kila nilipofungua C nilirudi kwenye programu ile, nikaiingizia moja, nikaiingizia sifuri, nikahakikisha inasubiri. Ilisubiri kila mara. Jumapili nilimuuliza kaka kama anasema vile tulivyokubaliana, akasema anasema. Mama akauliza ni nini hicho mnachokubaliana, nikamwambia ni Kiingereza.

Simu ilikuja mwezi wa pili, asubuhi, nikiwa navaa viatu vya kazi. Ilikuwa namba ya Buffalo, lakini si ya kaka. Alikuwa yule Mkongo.

"Dada, bon, usiogope kwanza," alisema, na hapo ndipo nilipoogopa. "Kaka yako iko ku hospitali. Mashini imemukamata mukono. Mukono ya kuume."

Akanieleza kwa vipande, akirudi nyuma, akipumua. Kaka alikuwa ametoka, mapanga yakasogezwa, akarudi ndani. Kikwangulio kilimponyoka kikateleza nyuma ya panga, akachelewa akikitafuta kwa kupapasa. Msimamizi upande wa pili alisikia kimya kirefu, akadhani ameshatoka, akauliza swali lake lile lile. Kaka alishtuka. Mtu aliyeshtuka hachagui maneno, anasema yale aliyonyonya. Alipiga kelele, "No! No!"

Kwenye C, alama mbili za kugeuza zinafutana. Kinywani mwa mtu zinaongezana. Msimamizi alisikia kwamba hakuna mtu, hakuna kabisa, akabonyeza.

"Miye nilikuwa karibu na ndoo," Mkongo alisema. "Nimesikia ile no, nikakumbuka jikoni, nikakumbuka ile frigo. Nikakimbia. Nikapiga kitufe ya rouge, ile ya kusimamisha. Bila ile jikoni, dada, tungekuwa tunasema maneno ingine."

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa chumba. Alikuwa amesikia neno hospitali, na uso wake ulikuwa umesawijika.

"Hajafa?" aliniuliza.

"Ndiyo, Mama."

Lilikuwa jibu sahihi. Alilipokea kama nilivyolitoa, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kumshukuru Mungu kwa Kirundi. Mimi nilibaki nimesimama na kiatu kimoja mguuni, nikilisikia neno langu kwa masikio ya yule msimamizi. Hajafa? Ndiyo. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Yuko hai. Yuko hai, Mama." Akanitazama kwa kushangaa, maana nilikuwa nimeshamwambia.

Kisha akauliza habari za mikono. Nikamwambia sijui bado.

Miguu ya Mama haikuweza safari ile, akabaki na majirani wa kanisani. Nilipanda basi hadi Columbus, na kutoka hapo mwalimu wangu aliniendesha kwa gari lake lililokuwa linanuka petroli, theluji ikitupiga usoni, hakuna kati yetu aliyewasha redio. Tulifika hospitali kesho yake asubuhi. Mkono wa kuume wa kaka uliishia chini kidogo ya kiwiko, umefungwa bandeji nene nyeupe. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kwa ajili ya kuuona, na kujiandaa kule hakukunisaidia chochote. Nililia bila aibu.

Yeye hakulia. Alikuwa amegeuzia uso dirishani, taya limekaza, jasho kwenye paji la uso ingawa chumba kilikuwa na baridi. Alinisalimia kwa sauti ndogo, akauliza kama Mama amekula. Nilidhani ni huzuni. Mtu ametoka kupoteza mkono wa kunyolea, nani atamlazimisha kuongea?

Muuguzi akaingia, mwanamke mwenye sura njema, wa kutabasamu kweli. Daktari, kaka aliniambia baadaye, alikuwa ameongea naye kupitia mkalimani wa simu, lakini kwa maswali madogo hakuna aliyeona haja ya kumsumbua mkalimani. Muuguzi akaligusa shuka miguuni pake.

"No pain?" alimuuliza, akitikisa kichwa kumsaidia kuelewa. Hakuna maumivu?

"No," kaka akajibu, naye akitikisa kichwa.

"Good," alisema muuguzi, akampapasa mguu, akatoka.

Kaka alifumba macho. Mkono wake wa kushoto ulilishika shuka na kulikunja lote kiganjani, na nikaona kwamba shuka lile lilikuwa limeshakunjwa hivyo mara nyingi, limejaa mikunjo upande ule mmoja. Nilisogeza kiti. Nilichagua swali langu kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kuchagua kitu chochote.

"Unaumwa?"

"Naumwa, dada. Naumwa sana."

"Umewaambia?"

"Nawaambia kila wanapokuja. Hata huyu, si umesikia? Ananiuliza, namwambia no, anasema vizuri, anaondoka. Tangu jana." Akapumzika kidogo. "Nilidhani labda dawa ni za wenye bima nzuri. Sikutaka kugombana nao."

Mwalimu wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na koti mkononi, aliziba mdomo. Kisha akaninyooshea kidole upande alioelekea muuguzi. Nilikimbia. Nilimkuta karibu na lifti, nikamshika mkono wa sare, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha ghalani kwamba kaka yangu anaumwa, anaumwa sana, tangu jana.

"Lakini nimemuuliza sasa hivi," alisema. "Wewe ulikuwepo. Amesema no."

"Muulize tena," nilimwambia. "Usimwambie hakuna. Muulize kama yapo."

Alinitazama kama mtu anayetaka kubisha. Kisha akageuka, akatembea nami hadi chumbani, akainama juu ya kitanda mpaka uso wake ukawa sawa na wa kaka.

"Unaumwa?" alimuuliza kwa Kiingereza, polepole.

"Yes," alisema kaka yangu.